Kitenge, Ng'ombe na Maji Mdomoni

Yule ng'ombe hakuwa na hatia. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka tisa nilikuwa mtu pekee aliyelijua, na kwa miaka tisa nilifunga mdomo. Aliyeharibu sare ya kwaya ya mama yangu ni mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili. Tena, kwa aibu zaidi, mimi ni fundi cherehani mwenye meza yangu sokoni Majimoto, na watu wananiletea nguo zao za harusi bila wasiwasi wowote.

Ilikuwa hivi. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya somo wa parokia, na mama ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Sare yao mwaka ule ilikuwa kitenge cha bluu chenye picha za njiwa, na mama alikuwa ameitunza sandukuni kama mtu anavyotunza cheti cha kuzaliwa. Akaitoa, akaianika kwenye kamba uani ipate hewa, akaniambia niipige pasi, yeye akaenda shamba kuwafukuza ndege kwenye mpunga. Nikawasha pasi ya mkaa, nikatandika blanketi juu ya meza, na nikaweka redio. Redioni kulikuwa na kipindi cha mwanamke mmoja aliyewafumania mume wake na rafiki yake, na simulizi lilipofika mahali pa kufungua mlango, mimi nikasimamisha mkono ili nisikie vizuri. Mkono niliousimamisha ndio ulioshika pasi.

Nilipoinua pasi, njiwa wa nyuma, wa pale pa kukalia, alikuwa ameshakuwa njiwa wa kuchoma. Tundu lilikuwa na umbo la pasi kamili, na ncha yake. Hakuna kiraka duniani ambacho kingelificha, nami ni fundi, najua.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona tena. Nyumba yetu pale Mamba ilikuwa imetenganishwa na ya jirani kwa ua wa minyaa tu. Jirani yule alikuwa mama wa Kisukuma aliyekuja na mumewe na ng'ombe zamani, mimi nikiwa mdogo, na wakati ule alikuwa mjane mwenye zizi dogo nyuma ya nyumba. Nikaikunja sare, nikaangalia kushoto na kulia, nikairusha juu ya ua mpaka zizini. Mpango wangu ulikuwa niseme upepo umeichukua na ng'ombe wameikanyaga. Lakini ng'ombe mmoja, jike lenye baka jeupe usoni, alisogea, akainusa, akaanza kuila. Alikula kwa adabu, taratibu, akianzia kwenye lile tundu. Nami nikasimama pale nikamwacha ale, na Mungu anisamehe, nilimshukuru.

Mama aliporudi alikuta kamba tupu uani, na ng'ambo ya ua ng'ombe wa jirani anatafuna huku mkono mmoja wa gauni unaning'inia mdomoni mwake. Hakuniuliza hata swali moja. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani, akamwambia ng'ombe wako ameruka ua, ameingia kwangu, amekula sare yangu kwenye kamba. Jirani akasema ng'ombe wake hawajatoka zizini, mlango umefungwa tangu asubuhi, njoo uone. Mama akamwita mwongo. Akamwita mbele ya watu waliokuwa wanapita na baiskeli za kuni, na hao watu wakatikisa vichwa na kusema, ndiyo zao hao na ng'ombe wao.

Nataka niseme ukweli hapa kabla sijarudi kwenye upuuzi. Uongo wangu haukuhitaji hata kusemwa. Huku kwetu Mpimbwe, mkulima akisema ng'ombe wa Msukuma wameingia, nani atauliza swali la pili? Mashamba ya watu yameliwa kweli, watu wamegombana kweli, kwa hiyo uongo mmoja mdogo wa kitenge ulipita katikati ya kweli hizo bila mtu kuuona. Mimi nilikaa kimya tu, wengine wakanimalizia kazi.

Na hawa wawili hawakuwa majirani wa kusalimiana tu. Walikuwa wanapeana moto kwa kijiko, maziwa ya kule yakija huku na mchele wa huku ukienda kule. Mimi mwenyewe yule mama nilimwita mayu, jina analoitwa mama huko kwao, na alinibeba mgongoni kabla hajajua Kiswahili cha kunibembelezea. Baada ya siku ile hakuna neno lililopita ua. Mama alianza kwenda kanisani kwa njia ya mzunguko, akaongeza robo saa nzima ya kutembea, ili tu asipite mbele ya mlango wa mwenzake. Akiwa na la kumwambia, alimwambia mbuzi wetu kwa sauti kubwa. "We mbuzi! Kuna watu wanamwaga maji ya vyombo karibu na ua wa wenzao, unawaona?" Na upande wa pili jirani alimjibu kuku wake. Mbuzi na kuku wale walitukanwa kwa niaba ya watu mpaka nikawaonea huruma.

Ng'ombe mwenye baka aliuzwa mwezi uleule. Mayu alisema hawezi kufuga mnyama aliyemfanya aitwe mwongo. Nilisikia habari hiyo nikiwa sokoni, nikashona suruali ya mtu miguu yote miwili ikaingia upande mmoja.

Sasa, juzijuzi hapa, ikaundwa kamati. Wazo lilikuwa zuri, nasema kwa moyo wote, ingawa nilikuwa katibu wake na katibu hapaswi kusifia kamati yake. Tulitaka tufanye siku moja uwanjani Majimoto ya mambo ya asili ya sisi Wapimbwe, kwa sababu watoto wetu walikuwa wamebaki na majina tu. Wazee wetu walihamishwa kupisha wanyama, ngoma zao ziliitwa ushenzi, lugha yao ilichapwa fimbo shuleni. Tukasema siku hiyo ichezwe ngoma, viliwe vyakula vya zamani, kisha wenyeji na waliokuja baadaye wakae waambiane ukweli, nani alimkosea nani, halafu wapatane. Nilichaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko.

Vikao vilikuwa vinane, na vitano kati yake vilihusu nini ni cha asili na nini si cha asili. Je, ugali wa mahindi ni wa asili? Mmoja akasema mahindi yenyewe yalikuja. Je, viti vya plastiki? Tukakubaliana kwamba kukaa ni kwa asili, kiti ni cha mtu binafsi. Halafu ikaja habari ya mavazi ya wachezaji. Zamani walivaa ngozi ya chui, lakini leo ukivaa ngozi ya chui karibu na hifadhi utacheza ngoma yako mahabusu. Nikatumwa Mpanda, soko la Kashaulili, nikanunue kitambaa chenye madoa ya chui. Muuzaji alikuwa nacho cha rangi ya waridi tu. Nikashona chui kumi na wawili wa rangi ya waridi, na mwenyekiti alipowaona aliwazunguka mara mbili, kisha akasema, "Basi, nao ni chui."

Tatizo kubwa lilikuwa kupatana. Hakuna kijana aliyejua wazee walimalizaje ugomvi, na walioulizwa walituambia tuite polisi jamii. Mwenyekiti akasema, "Katibu, si mama yako ni mzee? Kamuulize." Nikaenda kwa miguu mizito, maana kumuuliza mama yangu habari za kupatana ilikuwa kama kumuuliza kuku habari za kuogelea.

Lakini mama alijua. Alisema bibi yake aliwafanyia watu waliogombana jambo moja, nalo lilikuwa rahisi. Mwenye neno anasema. Anayeambiwa anajaza maji mdomoni na kuyashika muda wote mwenzake anaposema. Hawezi kujibu, hawezi kusonya, hawezi kukatiza, atasikia mpaka mwisho apende asipende. Mwenzake akimaliza, yule mwenye maji anayatema chini, na ugomvi umetoka. Akiyameza, amekataa, atakaa na ugomvi wake tumboni.

"Na wewe umewahi kushika maji?" nikamuuliza.

"Mimi sijawahi kukosewa na mtu mstaarabu," akasema mama, huku akiangalia ua.

Wiki ileile tukasikia kwamba mayu anahama. Mwanawe wa pekee alikuwa ameshuka na mifugo kusini huko Lindi, na sasa alitaka mama yake akaishi naye, kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Basi lilikuwa Jumatatu, wiki moja baada ya siku yetu ya asili. Mama alipoambiwa alisema, "Aende salama," akaendelea kuchambua mchele. Alichambua sinia lilelile mara tatu. Kesho yake akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Hivi Lindi ni mbali kuliko Mpanda?"

"Mama, Lindi ni mwisho wa nchi."

"Nimeuliza tu," akasema. Jioni nilimkuta amesimama kwenye ua, ameshika tawi la minyaa, hamwambii mbuzi chochote. Roho yangu ilianza kuniuma siku ile na haikupumzika.

Siku yenyewe ilifika na jua lake. Uwanja ulijaa tangu asubuhi, wakulima upande mmoja, wafugaji upande mwingine, na katikati nafasi ambayo gari lingepita. Mshereheshaji wetu alikuwa mfanyabiashara wa spika kutoka Mpanda mjini, mtu wa kofia safi na maneno matamu, ambaye si Mpimbwe wala Msukuma na alituhakikishia kwamba hilo ndilo linalomfanya afae. "Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi! Nyie wa huku nyuma mbona mmenuna? Leo ni siku ya kupatana, nuneni kesho!" Chui wa waridi wakaingia na ngoma. Wawili walisahau hatua wakaanza kucheza za muziki wa redioni, na bahati mbaya hao ndio walioshangiliwa zaidi. Mabibi wa Kisukuma walicheka mpaka wakajifunika nyuso kwa kanga, na mimi nikajisikia fahari kidogo.

Kisha ikaja zamu ya ukweli. Tulikuwa tumepanga vikombe na ndoo tatu za maji safi. Wa kwanza kusimama alikuwa mwalimu mstaafu aliyetufundisha karibu sote tuliokuwa pale wa umri wangu, Mpimbwe mwenzetu, mtu aliyekuwa mkali hata kwenye kivuli chake. Tuliofundishwa naye tukaambiwa tujaze maji mdomoni. Tukajaza, watu wazima zaidi ya hamsini, mashavu yametuna, tukamkabili. Mbele yetu, kwenye sofa lililoazimwa, alikaa mgeni rasmi kutoka wilayani katika suti ya rangi ya maziwa. Kwa nini mgeni rasmi aliwekwa pale, kati ya maji na mwalimu, sijui. Mpango wa viti niliuandika mimi.

"Wanangu," akasema mwalimu, "nilikuwa na kibao. Mnakikumbuka." Sote tulikikumbuka. Ukisema neno la Kipimbwe darasani ulivishwa kibao kile shingoni, ukakaa nacho mpaka mwingine akosee. Mimi niliwahi kukivaa kutwa nzima, na sikumwambia mama. "Nilifanya vibaya. Niliwafanya muone aibu kwa maneno ya mama zenu. Naomba radhi." Nikaona watu wenye mashavu yaliyotuna wanatokwa na machozi, jambo ambalo si zuri kutazama. "Tena leo niseme yote. Kile kibao kilikuwa kipande cha kitanda changu kilichovunjika. Na nyumbani sisi tulikuwa hatusemi Kiswahili kabisa, ni Kipimbwe tu. Mke wangu alichoka na unafiki wangu, siku moja akanivisha mimi, nikala chakula cha mchana nacho shingoni, na wali ukanitoka puani kwa hasira."

Aliyeanza simjui. Najua tu kwamba alipopasuka mmoja tukapasuka wote, na maji ya midomo hamsini yakaenda mbele kwa pamoja. Mgeni rasmi alibaki ameketi, mikono magotini, anadondoka. Kwenye kumbukumbu za siku hiyo niliandika kwamba msamaha ulitolewa na kupokelewa, kwa sehemu kubwa na mgeni rasmi. Yeye mwenyewe, namsifu, alijifuta uso akasema endeleeni.

Baada ya hapo watu walifunguka. Mfugaji alikiri kulisha mpunga wa mtu akijua. Mkulima alikiri kulima njia ya ng'ombe makusudi, halafu akawalalamikia ng'ombe kwa kupita njia yao. Mshereheshaji naye, kwa kuwa alikuwa na kiu, alikuwa anachota kikombe kimoja baada ya kingine na kunywa. Mzee mmoja akapiga kelele, "Anameza! Huyu bwana amekataa kupatana na kila mtu!" Ikabidi ashike maji mdomoni ili asafishe kosa, na kwa dakika kadhaa sherehe haikuwa na mshereheshaji, yeye amesimama tu maiki mkononi, macho yamemtoka.

Katikati ya kicheko hicho nikamwona mayu anainuka kutoka upande wa wafugaji. Alitembea kwa fimbo, polepole, akavuka ile nafasi ya katikati, akaja mpaka mbele ya mama yangu. Watu wa nyuma wakapanda juu ya viti waone, kwa maana habari ya kitenge na ng'ombe ilikuwa inajulikana mpaka vijiji vya jirani. Mama alikuwa amekaa na ungo wake. Alimwangalia mwenzake, kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akajaza maji mdomoni.

Mayu akapewa maiki. Hakujua kuishika, akaisemesha kama mtu anayemsemesha mtoto mchanga. "Mimi naondoka," akasema. "Tumekaa pamoja, tumezeeka pamoja, halafu hatusemi. Sitaki kwenda na hilo. Basi nimekuja kukubali. Ng'ombe wangu aliruka ua. Aliingia kwako, akala nguo yako. Ulisema kweli. Nisamehe."

Kwa miaka tisa mwanamke yule alikuwa amekataa kusema neno hilo, kwa kuwa halikuwa kweli. Sasa, siku ya kuambiana ukweli, mbele ya umati, mtu pekee aliyekuwa mkweli katika ugomvi ule alikuwa amesimama anasema uongo ili asiondoke bila rafiki yake. Na mama yangu alikuwa amekwishainamisha kichwa ili ateme. Angetema, na yangeisha, na hakuna ambaye angejua. Nakiri niliwaza hivyo. Niliwaza, mwache ateme, wewe nenda kaandike kumbukumbu zako.

Nilijikuta nimeshika maiki. "Mama, usiteme!" Kilio chenyewe kilitoka kwa sauti ya mbuzi. "Usiteme kwanza. Mayu, nawe shika maji. Tafadhali."

Mayu akanishangaa, lakini akapewa kikombe, akajaza. Wakasimama pamoja, vikongwe wawili, mashavu yametuna, macho kwangu. Mbele yangu walikuwepo wateja wangu wote.

Nikasema. Nilisema habari ya pasi, na redio, na yule mwanamke aliyefungua mlango. Nilisema njiwa aliungua, na umbo la tundu, na mahali lilipokuwa. Nilisema mlango wa zizi ulikuwa umefungwa, kama mayu alivyosema, na ng'ombe hakuruka kitu, mimi ndiye niliyerusha. Nilisema nilisimama nikimtazama akila. Nilisema, "Mayu, ulikuwa mkweli siku zote. Mama, ulimwita mwongo kwa sababu yangu. Niliogopa." Kisha nikalia pale mbele ya watu kwa aibu, kwa sauti, maiki ikiwa imewashwa.

Mama alikuwa anageuka rangi. Ninamjua, alikuwa na maneno ya miaka tisa yamepanda mpaka kooni na hapo yanakutana na maji. Mayu naye kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Mwenyekiti wa kamati akasogea kuona kama kuna atakayemeza. Hakuna aliyemeza. Waliangaliana kwanza, wao wawili, mara moja tu. Halafu, bila kuhesabiana, wakageuka kwangu na kunitemea yote usoni.

Kanuni ilisema kutema chini. Uso haukutajwa popote. Mwenyekiti alikuna kichwa, akasema itaandikwa kuwa wametema.

Nilipofuta macho, mama alikuwa anazungumza na mayu, neno lake la kwanza kwake bila kupitia mbuzi. "Shoga," alisema, "si nilikwambia tangu zamani kwamba huyu mtoto hajui kupiga pasi?"

"Ulisema," akajibu mayu, akaongeza na neno la kwao la mapenzi. "Ng'wanone, ulisema kabisa." Akamshika mkono. "Na ng'ombe wangu niliuza."

"Uliuza ng'ombe mzuri yule," akasema mama, na hapo ndipo wote wawili walipoanza kulia. Walilia kwa kushikana mabega, na fimbo ya mayu ikaanguka, na mimi nilipoinama kuiokota mama akasema niiache, nimeshashika vya kutosha.

Zilibaki siku sita. Kila asubuhi mayu alikuja kwetu, au mama alikwenda kwake, na minyaa ikakatwa katikati ukabaki mlango. Walikaa kwenye mkeka, wakachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, wakasimuliana vifo na ndoa na uvimbe wa magoti wa miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kupika, na kila nilipopita na sufuria waliacha kuongea wakanitazama. Niliwashonea magauni mawili ya kitenge kimoja, cha bluu, bila njiwa. Nilipotaka kuyapiga pasi mama aliyachukua mkononi mwangu. Jumapili walikwenda kanisani wamevaa magauni yenye makunyanzi yote, wakipita njia ya mbele, na mayu, ambaye si mtu wa kanisa, alikaa kwenye safu ya kwaya katikati ya sauti ya kwanza na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Jumatatu nikampandisha basi la Mpanda. Mama alisimama stendi Majimoto mpaka vumbi lilipotulia, kisha akaniambia neno moja ambalo halikuwa la utani. "Miaka tisa," alisema. "Ukanirudishia siku sita." Hakusema kwa hasira. Nilitamani angesema kwa hasira.

Sasa wanapigiana simu kila asubuhi, kwa simu yangu, na mimi ndiye ninayeishika kwa sababu mama anaogopa kugusa pabaya akamkata mwenzake. Kabla sijabonyeza, ananituma kikombe cha maji. Mayu akianza kusimulia ya Lindi, joto lake, na wajukuu wasioota meno, mama anajaza mdomo na kushika, ili asije akamkatiza hata neno. Upande wa pili mayu hajui. Anasimulia, anasimulia, halafu anasikia kimya, anaanza kupaza sauti, "Halo! Halo! Shoga, uko? Unanisikia?" Mama ametuna mashavu, anaitikia kwa kichwa mbele ya simu, ndiyo, ndiyo, nakusikia. Na mimi napiga kelele kwa niaba yake, "Yupo, mayu! Anakusikia! Endelea!"